Malcolm MacDonald: Mwana wa Jina Kubwa



Majuma machache yaliyopita mjukuu wangu, aliye na miaka kumi na mitano na anayesoma skuli hapa Uingereza, alinijia na swali ambalo sikulitarajia. Walikuwa wakisomeshwa historia ya Palestina, na mwalimu wao amewatajia Waraka Mweupe wa mwaka 1939 na jina la waziri aliyeutoa. Jioni ile kijana akafungua albamu ya marehemu baba yangu, ambamo mna picha za magazeti ya siku za uhuru wa Kenya. Akaona chini ya picha mojawapo jina lile lile. Akaniuliza: "Babu, huyu MacDonald wa Palestina na huyu MacDonald wa Kenya ni mtu mmoja, au ni majina tu yamefanana?"

Nikamjibu kuwa ni mtu mmoja. Kisha nikatambua kwamba sina zaidi ya hapo la kumweleza, nami nimesomesha historia kwa miaka zaidi ya thelathini. Basi nikarudi vitabuni, na haya ninayoyaandika ni matokeo ya marejeo hayo. Nimeona si haki niyaweke nyumbani kwangu pekee, kwani mtu huyu, ingawa wengi wetu hatumjui, amepita katika mambo mawili yanayowagusa sana watu wetu: ardhi ya Palestina na mwambao wa Kenya.

NYUMBA ALIYOZALIWA

Malcolm John MacDonald alizaliwa tarehe 17 Agosti 1901 katika mji mdogo wa wavuvi uitwao Lossiemouth, kaskazini mashariki ya Uskochi. Baba yake, Ramsay MacDonald, alizaliwa katika mji huo huo mwaka 1866, mwana wa mtumishi wa shamba na msichana wa kazi ambao hawakupata kuoana. Katika Uingereza ya zama zile, mtoto wa namna hiyo alianza maisha akiwa na mzigo mgongoni. Lakini Ramsay alisoma, akaandika, akahutubia, akawa mmoja wa waasisi wa Chama cha Leba, na mwezi Januari 1924 akawa Waziri Mkuu wa kwanza wa chama hicho.

Mama yake Malcolm, Margaret Gladstone, alitoka katika jamaa ya wasomi waliojiweza. Alifariki mwaka 1911, Malcolm akiwa mtoto wa miaka kumi. Baba hakuoa tena. Watoto walikulia katika nyumba ya mjane mwenye shughuli nyingi, tena katika miaka ambayo jina la baba yao lilikuwa likitukanwa mitaani, kwa kuwa alipinga Uingereza kuingia katika Vita Vikuu vya Kwanza. Anayesema kuwa mtoto wa mkubwa hulelewa kwa maziwa na asali peke yake hajaijua nyumba ya mwanasiasa. Wahenga walisema ukubwa ni jalala, na takataka za jalala hilo huwafikia watoto pia.

Siasa katika nyumba ile haikuwa kazi ya baba na mwana peke yao. Dada yake Malcolm, Ishbel, ndiye aliyekuwa mwenyeji wa wageni katika nyumba ya Waziri Mkuu, namba 10 Downing Street, kwa kuwa mama hakuwapo, na yeye mwenyewe alichaguliwa mjumbe wa Baraza la Mji wa London mwaka 1928. Malcolm alikuwa amekwishaingia katika baraza hilo mwaka 1927.

Malcolm alisoma Chuo Kikuu cha Oxford. Aligombea ubunge wa jimbo la Bassetlaw mwaka 1923, akashindwa. Akagombea tena mwaka 1924, akashindwa. Na mwaka 1929 akashinda. Mwaka ule ule baba yake akarejea kuwa Waziri Mkuu kwa mara ya pili. Hapana shaka jina lilimsaidia, lakini yafaa tukumbuke pia kuwa wapiga kura wa Bassetlaw walimkataa mara mbili akiwa na jina hilo hilo.

MWAKA WA MTIHANI

Mwaka 1931 uchumi wa dunia ulikuwa umeanguka, na Uingereza ilikuwa na watu wasio na kazi wapatao milioni mbili na nusu. Mabenki yalitaka serikali ipunguze matumizi, na miongoni mwa yaliyotakiwa kupunguzwa ni posho ya wasio na kazi. Baraza la Mawaziri la Leba liligawanyika. Ramsay MacDonald, badala ya kujiuzulu moja kwa moja, alikubali kuongoza Serikali ya Kitaifa pamoja na Wahafidhina na Waliberali. Chama alichokijenga kwa mikono yake kikamfukuza, na mpaka leo wapo wanachama wa Leba ambao wakilitaja jina lake hulitaja kama jina la msaliti.

Wabunge wa Leba waliomfuata walikuwa wachache mno. Mmoja wao alikuwa mwanawe. Malcolm alikuwa na umri wa miaka thelathini, na mbele yake palikuwa na njia mbili: chama chake au baba yake. Alimchagua baba yake, na akapewa unaibu waziri katika wizara ya nchi za Dominioni.

Sisi tuliofundishwa kuwa radhi za wazazi ni katika mambo makubwa tutauelewa uamuzi huo upesi. Lakini mwandishi wa historia hana budi kuongeza kuwa uamuzi ule ulimgharimu. Tangu siku hiyo Malcolm hakuwa tena na chama chenye mizizi. Kikundi cha Leba ya Kitaifa kilikuwa kama jahazi lisilo na nanga: lilikwenda maadamu upepo wa serikali ulilisukuma, na upepo ulipotulia halikuwa na bandari ya kurejea.

Katika uchaguzi wa mwezi Novemba 1935 baba na mwana walishindwa wote wawili. Mzee alipoteza jimbo la Seaham, na kijana akapoteza Bassetlaw. Hata hivyo wote walibaki katika Baraza la Mawaziri, wakatafutiwa viti vingine. Kwa muda wa mwaka mmoja na zaidi, baba na mwana walikuwa wakikaa meza moja ya Baraza la Mawaziri, jambo lililo nadra sana katika historia ya nchi hii.

WANA WAWILI KATIKA UWANJA MMOJA

Hapa pana kisa kimoja ambacho kitawapendeza wasomaji. Kiti alichotafutiwa Malcolm kilikuwa Ross and Cromarty, kaskazini ya Uskochi. Uchaguzi mdogo ulifanyika mwezi Februari 1936, katika baridi kali. Wahafidhina wa pale hawakumtaka mgombea wa serikali, wakamsimamisha wa kwao. Naye alikuwa nani? Alikuwa Randolph Churchill, mwana wa Winston Churchill.

Basi wana wawili wa wakubwa wakakutana. Randolph alikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, msemaji hodari, mwenye sauti kubwa na imani kuwa ufalme wa babake ni urithi wake. Malcolm alikuwa mtu mfupi, mpole, asiyependa makuu. Kura zilipohesabiwa, Malcolm alipata 8,949, mgombea wa Leba 5,967, na Randolph akawa wa tatu kwa kura 2,427. Randolph alishindwa katika chaguzi nyingi za maisha yake. Kiti pekee alichokipata, cha Preston mwaka 1940, alikipata bila ya kupingwa, na akakipoteza mwaka 1945.

Jina la baba humfikisha mtoto mlangoni. Akiingia ndani, atatazamwa yeye. Wapo katika nchi zetu za asili vijana wengi wa majina makubwa ambao hawajalitambua jambo hili, na wapo wapiga kura ambao hawajalitambua pia.

BARUA YA BABA NA WARAKA WA MWANA

Sasa tufike katika jambo lililomleta mjukuu wangu kwangu.

Uingereza ilikuwa imetoa ahadi mbili zisizopatana. Mwaka 1917, katika tamko la Balfour, iliwaahidi Mayahudi makao ya kitaifa katika Palestina, na papo hapo ikasema kuwa haki za wenyeji wasio Mayahudi hazitadhuriwa. Mwaka 1930 serikali ya Ramsay MacDonald ilitoa waraka uliotaka kupunguza uhamiaji na ununuzi wa ardhi, kwa kuwa wakulima wa Kiarabu walikuwa wakiondolewa mashambani. Wazayuni wakapinga kwa nguvu. Mwezi Februari 1931 Ramsay akamwandikia barua kiongozi wao, Chaim Weizmann, barua iliyoutangua waraka ule kwa hakika kama si kwa jina. Waarabu wakaiita Barua Nyeusi. Malcolm mwenyewe, akiwa mbunge kijana, alikuwa mmoja wa waliokwenda na kurudi baina ya baba yake na Weizmann, ambaye alikuwa rafiki yake.

Miaka minane ikapita. Baba yake alifariki mwezi Novemba 1937, akiwa safarini baharini kuelekea Amerika ya Kusini. Mwaka 1938 Malcolm akawa Waziri wa Makoloni, na Palestina ilikuwa ikiwaka moto. Waarabu walikuwa katika uasi tangu mwaka 1936, na jeshi la Uingereza liliukabili uasi huo kwa ukatili: nyumba zilivunjwa, vijiji vikatozwa faini, watu wakanyongwa. Vita na Ujerumani vilikuwa mlangoni, na serikali ya London ilihofu kuwapoteza Waarabu na Waislamu wa India kwa wakati mmoja.

Mwanzo wa mwaka 1939 Malcolm aliwaita Waarabu na Mayahudi London katika kasri ya St James. Hawakukubali hata kukaa chumba kimoja. Mwezi Mei akatoa Waraka Mweupe. Ulisema mambo matatu makubwa: kuwa Palestina itakuwa dola huru moja katika muda wa miaka kumi, kuwa Mayahudi 75,000 wataruhusiwa kuingia katika miaka mitano, na baada ya hapo hataingia yeyote bila ya ridhaa ya Waarabu, na kuwa uuzaji wa ardhi utawekewa mipaka. Bunge liliupitisha kwa kura 268 dhidi ya 179. Winston Churchill, ingawa alikuwa wa upande wa serikali, alisimama kuupinga.

Mwana alikuwa ameipindua barua ya baba yake. Rafiki zake wa zamani miongoni mwa Wazayuni walimwona msaliti, neno lile lile alilotupiwa baba yake mwaka 1931. Na uadilifu unatutaka tuseme yote: waraka ule ulitoka katika saa ambayo Mayahudi wa Ulaya walikuwa wakimkimbia Hitler, na nchi nyingi, Uingereza ikiwamo, zilikuwa zimebana milango yao. Upande wa pili, Kamati Kuu ya Waarabu, ikiongozwa na Mufti Haj Amin al-Husseini, iliukataa pia, ingawa baadhi ya viongozi wa Kiarabu waliona ni bora kuupokea. Hawakuiamini Uingereza. Walikuwa wamekwishaahidiwa na wakakwishavunjiwa ahadi.

Je, walikuwa na haki ya kutoiamini? Miaka kumi iliyotajwa ilimalizika mwaka 1949. Palestina huru haikuwapo. Mwaka mmoja kabla yake, mwaka 1948, Waingereza walikuwa wamekunja mikeka yao na kuondoka, na Wapalestina zaidi ya laki saba walikuwa wamefukuzwa au kukimbia makwao. Ahadi ni deni, na deni hili halijalipwa hata leo.

MTU ALIYEPELEKWA MBALI

Churchill alipokuwa Waziri Mkuu mwezi Mei 1940 alimpa Malcolm wizara ya Afya. Mwezi Juni akamtuma Dublin kumtaka de Valera aingie vitani, kwa kuahidiwa umoja wa Ireland, na de Valera akakataa. Kisha mwaka 1941 akapelekwa Canada kuwa Balozi. Kwa wanasiasa wa London, kupelekwa mbali namna hiyo ni kama kuzikwa ungali hai. Malcolm hakurejea tena katika siasa za Uingereza. Uchaguzi wa mwaka 1945 ulipofika, Leba ya Kitaifa ilikuwa imekwisha kabisa, naye akaacha ubunge.

Hii ndiyo sababu ninamwita mwanasiasa mdogo. Alikuwa waziri akiwa na miaka thelathini na mitatu, na akiwa na miaka arubaini siasa zake zilikuwa zimekwisha. Vitabu vinavyoeleza mawaziri wakuu wa Uingereza humtaja kwa mstari mmoja au miwili, tena akielezwa kuwa ni mwana wa fulani.

Lakini mlango mmoja ulipofungwa, mwengine ulifunguliwa. Kabla ya kutoka wizara ya Makoloni mwaka 1940 alikuwa ametayarisha sheria ya maendeleo ya makoloni, ambayo kwa mara ya kwanza iliweka paundi milioni 5 kila mwaka kwa ajili ya maendeleo na ustawi. Ni kiasi kidogo kwa dola kubwa kama ile, lakini kabla yake kanuni ilikuwa kila koloni lijilishe lenyewe. Kutoka mwaka 1946 hadi 1955 alikuwa Asia ya Kusini Mashariki, kwanza Gavana Mkuu wa Malaya na Borneo, kisha Kamishna Mkuu. Mwaka 1949 aliwakalisha pamoja viongozi wa Wamalei, Wachina na Wahindi ili wazungumze kabla ya uhuru kuwakuta wakigombana. Wakati huo huo serikali aliyoitumikia ilikuwa ikipigana vita vya msituni na Wakomunisti wa Malaya, na kuwahamisha watu kwa nguvu katika vijiji vilivyozungushiwa seng'enge, na tusiyasahau hayo tunapoisifu hekima yake. Baadaye akawa Balozi India, 1955 hadi 1960, na mwenyekiti mwenza wa mkutano wa Geneva juu ya Laos, 1961 hadi 1962.

GAVANA WA MWISHO

Mwezi Januari 1963, akiwa na miaka sitini na mmoja, aliwasili Nairobi kuwa Gavana wa Kenya. Gavana aliyemtangulia, Sir Patrick Renison, ndiye aliyemwita Kenyatta kiongozi wa kuelekea gizani na kwenye mauti. Malcolm alikuja na desturi nyingine. Alizungumza na wote, KANU na KADU, Waafrika, Waarabu, Wahindi na walowezi. Hakupenda sare za kigavana na manyoya ya kofia. Muhimu zaidi, alitambua upesi kuwa kuuchelewesha uhuru ni hatari kuliko kuuharakisha. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na matumbo ya Wakenya yalikuwa yameumia vya kutosha. Uchaguzi ukafanywa mwezi Mei, Kenyatta akawa Waziri Mkuu tarehe 1 Juni, na uhuru ukafika tarehe 12 Disemba 1963.

Kwa watu wa mwambao, habari ilikuwa na upande mwengine. Ukanda wa maili kumi wa pwani, pamoja na visiwa vya Lamu, haukuwa koloni bali ulikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, ulioendeshwa na Waingereza kwa mkataba wa mwaka 1895. Bendera nyekundu ya Sultani ilipepea juu ya Ngome ya Mombasa. Uhuru ulipokaribia, watu wakagawanyika. Wapo waliotaka mwambao urejee Zanzibar au ujitawale, na wapo waliotaka Kenya moja. Sir James Robertson aliletwa kuchunguza, na mwaka 1961 akapendekeza mwambao uunganishwe na Kenya, pamoja na kuwekwa dhamana kwa wenyeji.

Mwezi Oktoba 1963 jambo likakatwa London. Sultani Jamshid, aliyekuwa na miezi michache tu katika kiti, aliuachia ukanda ule kwa makubaliano ya tarehe 8 Oktoba. Siku chache kabla yake, Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, walikuwa wameandikiana barua zenye ahadi tano: uhuru wa dini na kubaki kwa majengo ya ibada, mamlaka ya Kadhi Mkuu na makadhi katika mambo ya ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu, maofisa wa utawala wawe Waislamu, kadiri itakavyowezekana, katika sehemu zenye Waislamu wengi, watoto wa Kiislamu wafundishwe Kiarabu, kadiri itakavyowezekana, na hati za ardhi zilizokwisha kuandikishwa ziheshimiwe.

Mimi nilikuwa mtoto mdogo wa miaka mitatu, sina nikikumbukacho. Marehemu baba yangu, aliyekuwa karani Mombasa, alikuwa akituhadithia kuwa bendera nyekundu iliposhushwa, mtaani kwetu wengine walipiga vigelegele na wengine wakafunga milango yao. Yeye mwenyewe, alisema, alifanya yote mawili: alikwenda kutazama fataki, kisha akarudi nyumbani akalala bila ya kula. Alikuwa akiutaka uhuru na alikuwa akikihofia asichokijua. Nilipokuwa kijana nikimwona kigeugeu. Sasa ninaona kuwa alikuwa mkweli kuliko wengi.

Malcolm hakuubuni uamuzi wa mwambao, kwani njia ilikwisha kuchorwa kabla hajafika. Lakini alikuwa Gavana wa koloni na himaya pamoja, na hatima ile ilipita chini ya mkono wake. Mjukuu wa mtumishi wa shamba na msichana wa kazi alikuwa shahidi wa kukunjwa kwa bendera ya Masultani wa Kibusaidi katika pwani ya Kenya. Alibaki Gavana Mkuu kwa mwaka mmoja, hadi Kenya ilipokuwa jamhuri tarehe 12 Disemba 1964.

Katika mwaka huo mmoja alishuhudia mengi. Tarehe 12 Januari 1964 Mapinduzi yalitokea Zanzibar. Sultani Jamshid aliondoka kwa merikebu yake akitaraji kushuka Mombasa, mji uliokuwa wa milki yake miezi mitatu iliyopita. Serikali ya Kenya haikumruhusu. Akaenda Dar es Salaam, na kutoka pale akaja Uingereza, ambako aliishi zaidi ya nusu karne kabla ya kuhamia Oman mwaka 2020. Alifariki Muscat mwisho wa mwaka 2024. Mwenyezi Mungu amrehemu. Mwishoni mwa mwezi ule ule wa Januari 1964 wanajeshi wa Lanet, karibu na Nakuru, waliasi, na serikali ya Kenyatta ikaomba askari wa Kiingereza. Mtu yule yule aliyesimamia kuondoka kwa Waingereza aliwaona wakirejea, ijapokuwa kwa muda.

Baadaye alikuwa Balozi Nairobi, kisha mjumbe maalumu wa Uingereza katika Afrika ya Mashariki na ya Kati, katika miaka ambayo suala la Rhodesia lilikuwa limezitia uadui serikali za Afrika na London, hata Tanzania ikauvunja ubalozi mwezi Disemba 1965. Alikwishakuwa mtu ambaye viongozi wa Afrika walimfungulia mlango hata walipokuwa wamemkasirikia bwana aliyemtuma.

MWISHO WAKE

Mwaka 1969 alipewa nishani ya Order of Merit, ambayo hawawi nayo zaidi ya watu ishirini na wanne walio hai kwa wakati mmoja. Lakini hakuwa "Sir", wala hakuwa "Lord", katika nchi ambayo magavana wengi walipewa vyeo hivyo kama peremende. Kuanzia mwaka 1971 alikuwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Durham, na vyombo vyake vya kauri vya Kichina bado vimo katika makumbusho ya chuo hicho kwa anayetaka kuvitazama. Aliandika vitabu juu ya ndege, juu ya watu wa Borneo, na juu ya wanyama wa Kenya. Alifariki nyumbani kwake Kent, tarehe 11 Januari 1981.

TUCHUKUE NINI?

Mjukuu wangu, nilipomaliza kumhadithia, aliuliza swali la pili: "Basi, Babu, alikuwa mtu mwema au mbaya?"

Nilimwambia kwamba alikuwa mtu mpole aliyetumikia dola isiyokuwa na upole. Upole wake ulipunguza maumivu pale alipopata nafasi, kama Kenya. Na pale ambapo dola haikutaka kutimiza neno lake, kama Palestina, upole wake haukufaa kitu. Mtu mmoja hawezi kuwa dhamana ya ahadi ya serikali. Ahadi hulindwa na sheria, na sheria hulindwa na watu wanaoijua na kuidai.

Tazameni barua zile mbili za Oktoba 1963. Kadhi bado yupo Kenya. Mahakama yake yaliingizwa katika katiba ya uhuru, na yakabakizwa katika katiba ya mwaka 2010, baada ya mabishano makali, kwa sababu Waislamu wa Kenya walisimama wakaikumbusha nchi neno lililosemwa. Miongoni mwetu wapo ambao mirathi ya wazee wao iliamuliwa Mombasa au Lamu na kadhi katika miaka hii ya karibuni, nao hawakujua kuwa haki ile ina tarehe na ina karatasi. Ahadi za maofisa na za ardhi, ambazo hazikupata walinzi wa namna hiyo, kila mtu wa pwani anayo hadithi yake.

Kwa hiyo nawausia wazazi wenzangu tuwasomeshe watoto wetu tarehe na karatasi, si nasaba peke yake. Tumezoea kuwaambia nyinyi ni wa ukoo fulani, babu yenu alikuwa liwali, au kadhi, au mudiri. Maneno hayo ni matamu, nami siyakatazi. Lakini Randolph Churchill alikuwa na babu na baba wakubwa kuliko hao wote, na watu wa Ross and Cromarty walimpa kura 2,427.

Mjukuu wangu ameomba aichukue picha ile ya albamu kwenda kumwonyesha mwalimu wake. Nimemruhusu, kwa sharti airejeshe, na kwa sharti amweleze mwalimu habari ya ile bendera ya pili, ambayo haimo pichani.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum.

Mwalimu mstaafu